Umri wa Mpira

Jioni moja ya Julai 2024 kocha wa timu ya vijana ya hapa kwetu Msalato alinikuta nimekaa chini ya mwarobaini nyuma ya nyumba yangu. Aliniamkia kwa adabu, "Shikamoo Mwalimu," akakaribia kigoda, na baada ya kuulizana habari za afya, za upepo wa mwezi huo na za zabibu zilizokuwa zinaanza kukomaa, akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa fomu ya kumsajili mjukuu wangu katika mashindano ya vijana walio chini ya miaka 15. Kila kitu kilikuwa kimekwisha kujazwa isipokuwa mahali pawili: sahihi ya mzazi au mlezi, na mwaka wa kuzaliwa.

"Mwaka nimeuacha wazi kwa makusudi, Mwalimu," alisema. "Sikutaka kuandika bila wewe."

Mjukuu wangu alizaliwa Machi 2009. Siku ile alikuwa amevuka umri uliotakiwa kwa miezi minne. Kocha alitaka niandike 2010.

"Mwaka mmoja tu. Tena umtazame alivyo mdogo. Nani atabisha?"

Nilimwomba aniachie ile fomu hadi kesho yake. Msomaji anayenifahamu, hasa wale waliopita mikononi mwangu chuoni au shuleni, atashangaa kwa nini sikukataa palepale. Sababu ninayo, nami nitaieleza kabla sijamaliza, maana bila kuieleza sina haki ya kumkosoa kijana yule wala mwenzake yeyote. Lakini kwanza niseme habari ya mafunzo yenyewe, kwa kuwa fomu ile haikutoka hewani. Ilikuwa tunda la mti ambao nilikuwa nimeutazama ukikua kwa miaka miwili.

Mjukuu huyu ninaishi naye tangu alipokuwa darasa la pili, maana mama yake yuko kazini mbali. Kwa hiyo katika mambo ya mpira mimi ndiye mzazi: ndiye ninayenunua viatu, ndiye ninayefua jezi ikibidi, na ndiye ninayesimama pembeni mwa uwanja wa vumbi kila Jumamosi. Ni mtoto mwembamba, mfupi kuliko wenzake wa darasani, lakini mguu wake wa kushoto una akili. Kwa miaka miwili alikaa benchi. Nilipomwuliza kocha sababu, alinijibu bila kuficha: "Anajua mpira, Mwalimu, lakini hana mwili. Mabeki watamvunja."

Jibu lile nililipokea kama mzazi, nikanyamaza. Baadaye nikalifikiri kama mwalimu.

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya darasa na karatasi mkononi, nikiwatazama wanachuo wa ualimu wakifanya mazoezi ya kufundisha. Karatasi ile ilikuwa na vipengele vyake: maandalizi, utangulizi, hatua za somo, ushiriki wa wanafunzi, matumizi ya zana, tathmini. Mwanachuo aliweza kuwa na sauti nzuri na mwandiko wa kupendeza ubaoni, lakini kama wanafunzi 40 walikaa dakika 40 wakimsikiliza yeye peke yake, nilimwandikia kwamba somo limehubiriwa, halikufundishwa. Nikajiuliza: je, mazoezi ya mpira si somo? Kocha si ndiye ambaye wachezaji wenyewe humwita "mwalimu"? Basi siku moja nikachukua daftari na saa yangu, nikaenda uwanjani, nikakaa juu ya gogo, nikamkagua kama ninavyomkagua mwanachuo.

Vijana walikuwa 26 na mpira ulikuwa mmoja. Mazoezi yalichukua dakika 80. Dakika 25 za mwanzo walikimbia kuuzunguka uwanja. Dakika 15 zilizofuata walipanga mstari mmoja mrefu, kila mmoja akingojea zamu yake ya kupiga mpira golini. Kwa dakika 10 kocha alizungumza. Dakika 30 za mwisho wakacheza mechi, 11 kwa 11, wanne wakiwa nje. Mjukuu wangu alikuwa mmoja wa wale wanne, akaingizwa zikiwa zimebaki dakika chache. Nilimhesabia. Katika dakika 80 aligusa mpira mara 3: mara moja katika ule mstari, na mara mbili katika mechi.

Siku mbili baadaye nilimkuta nyuma ya nyumba za jirani akicheza chandimu na watoto wa mtaa. Walikuwa wanane, wanne kila upande, mpira wa matambara, magoli ya mawe, bila refa wala kocha. Nikatoa tena saa yangu. Kwa dakika 20 aligusa mpira mara 37. Alipiga chenga, alinyang'anywa, alirudi kuutafuta, alitoa pasi mbaya akazomewa na kucheka, akatoa nyingine nzuri. Alikuwa anajifunza. Kule uwanjani, alikokwenda akiwa amevaa viatu nilivyovinunua kwa fedha ya uzeeni, alikuwa anangoja.

Kama ningekuwa na ile karatasi yangu ya zamani ningeandika hivi. Maandalizi: hayakuwapo, kwani mazoezi ya siku ile yalikuwa sawa na ya wiki iliyotangulia na ya wiki iliyofuata. Ushiriki wa wanafunzi: hafifu. Zana: mpira mmoja, na huo mmoja ulitumika vibaya. Tathmini: makemeo. Aliyekosea aliitwa gunia au mzigo, na timu iliyofungwa Jumamosi ilipigishwa pushapu Jumatatu, golikipa akiwa na ziada. Sijapata kuona mwanafunzi aliyejifunza kugawanya kwa kuitwa mzigo. Hujifunza kuficha daftari lake. Vivyo hivyo kijana anayekemewa kwa kila chenga iliyoshindwa hujifunza kutopiga chenga. Hutoa mpira upesi kama mtu anayetua kaa la moto, na baada ya miaka mitano tunalalamika kwamba wachezaji wetu hawana uthubutu.

Lakini kosa kubwa kuliko yote lilikuwa katika kuchagua. Kigezo kilikuwa mwili. Kila mwalimu wa darasa la saba au kidato cha kwanza anajua kwamba watoto waliozaliwa mwaka mmoja hawakui kwa mwendo mmoja. Yupo aliyebalehe mapema ambaye akiwa na miaka 14 ana ndevu na mapaja ya mtu mzima, na yupo ambaye akiwa na miaka 16 sauti yake bado haijakatika. Tofauti ya miili yao yaweza kuwa ya miaka miwili au mitatu, ingawa vyeti vyao vinasema mwezi mmoja. Wa kwanza atakupa ushindi Jumamosi hii. Wa pili atamkuta mwenzake wakifika miaka 18 au 19, na wakati huo misuli wote wanayo, na kinachobaki ni nani alijifunza mpira. Kocha anayempanga wa kwanza peke yake na kumwacha wa pili benchi hajengi timu. Anafanya kile tulichokatazwa na wazee wetu hapa Ugogo hata katika miaka ya njaa: anatwanga mbegu za uwele.

Sasa nimtendee haki kijana yule. Jina lake silitaji, kwa sababu kosa si la kwake peke yake na wema wake ni mwingi. Mchana anaendesha bodaboda. Jioni anawafundisha watoto wetu bila senti moja kutoka kwetu, na ule mpira mmoja aliununua mwenyewe. Hajapata kusomea ukocha. Zipo kozi za ngazi mbalimbali zinazotambuliwa na Shirikisho la Soka la Afrika, kuanzia ile ya chini kabisa ya daraja D, lakini kozi ina ada, ina nauli, na ina siku za kuacha pikipiki bila abiria. Kipo Chuo cha Maendeleo ya Michezo cha Malya, kule Kwimba, lakini Malya ni moja na viwanja vya vumbi ni maelfu. Alijifunza ukocha kwa kukumbuka jinsi alivyofundishwa yeye, na aliyemfundisha naye alimpigisha pushapu.

Tena zamani kazi hii ilikuwa ya shule. Mwalimu wa michezo alikuwa amepita chuoni, akajua walau saikolojia ya mtoto na namna ya kupanga somo, na mashindano ya shule ndiyo yaliyowatoa wachezaji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano hayo yalisimamishwa nchini kwa hoja kwamba yanaharibu masomo, na miaka michache baadaye yakarudishwa. Kusimamisha jambo ni kazi ya siku moja. Kurudisha mazoea huchukua kizazi. Naamini ndipo mtoto alipotoka mikononi mwa mwalimu akaingia mikononi mwa yeyote mwenye filimbi na moyo. Wengi wana moyo wa dhahabu, na hilo nalishukuru. Lakini wagonjwa wetu hatuwapeleki kwa mtu kwa sababu tu anawaonea huruma.

Na sisi wazazi tumefanya nini? Kocha huyu akishinda, tunamsifu na kumchinjia kuku. Akifungwa mechi tatu, minong'ono inaanza vijiweni na mnadani kwamba atafutwe mwingine. Zawadi ya mashindano ni mbuzi au seti ya jezi, na mbuzi hagawiwi kwa timu iliyofundisha vizuri. Nimewasikia wazazi wenzangu, watu wazima wenye heshima zao, waendao kanisani na msikitini, wakipaza sauti pembeni mwa uwanja, "Mvunje huyo!" wakimkusudia mtoto wa jirani. Nami simo katika kundi la watakatifu. Kila mjukuu wangu aliporudi nyumbani swali langu la kwanza lilikuwa moja: "Mmeshinda?" Maadam mimi, niliyefundisha watu kufundisha, sikuuliza kingine, kocha angejuaje kwamba natarajia kingine?

Juu ya hayo yote inakaa ndoto. Kila mzazi amesikia habari za Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala aliyepitia Simba, akaenda TP Mazembe mwaka 2011, akatangazwa Januari 2016 kuwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza ndani ya bara hili, na Januari 2020 akaingia Aston Villa ya Uingereza. Ni habari njema na ya kweli. Lakini Samatta mmoja hawezi kuwa kipimo cha watoto wote wanaokimbia kwenye vumbi kutoka Mbagala hadi Msalato. Ndoto hiyo inapoukuta umaskini, mzazi huanza kumwona mtoto kama tiketi, na tiketi yenye tarehe mbaya hutafutiwa tarehe nyingine.

Hapo ndipo tunaporudi kwenye fomu.

Wako watakaosema kwamba umri ni jambo dogo katika nchi ambamo watu wengi hawakuandikishwa walipozaliwa. Hoja hiyo naijua kwa ndani. Wazee wetu hapa Ugogo walihesabu umri kwa njaa: fulani alizaliwa kabla ya Mtunya, ile njaa kubwa iliyoandamana na Vita Kuu ya Kwanza, na fulani baada yake. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kuzaliwa ulikadiriwa na mwalimu wa shule ya misheni. Aliniambia nipitishe mkono wa kulia juu ya kichwa nishike sikio la kushoto, nikalishika, akaandika. Lakini kutojua si kudanganya. Mwalimu yule alikadiria kwa sababu hakuwa na cheti mbele yake. Kocha wangu alikuwa amekiona cheti cha mjukuu wangu, ndiyo maana aliacha nafasi wazi.

Taifa letu limekwisha kuonja uchungu wa jambo hili. Vijana wetu, Serengeti Boys, walikuwa wamefuzu kwa mashindano ya Afrika ya walio chini ya miaka 17 ya mwaka 2005 nchini Gambia. Tukaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji, na Zimbabwe, ambayo tulikuwa tumeitoa, ikachukua nafasi yetu. Hatukuwa wa kwanza Afrika. Nigeria ilifungiwa na FIFA mwaka 1989 kwa miaka 2 isishiriki mashindano ya vijana kwa kosa la namna hiyo hiyo. Tangu Kombe la Dunia la vijana la mwaka 2009 FIFA hutumia picha za sumaku za kifundo cha mkono. Mtoto anapokua, mwisho wa mfupa wa mkono karibu na kiganja huwa na sehemu ya gegedu ambayo bado haijawa mfupa. Ukuaji unapokwisha sehemu hiyo hufunga, na ni mara chache sana kwa kijana ambaye hajatimiza miaka 17 kukutwa imefunga kabisa. Karatasi yaweza kusema lolote, mfupa una ushahidi wake.

Hata hivyo siogopi kijeba kwa sababu tu atatutia aibu mbele ya mataifa. Mashindano ya hapa kwetu hayana mashine ya kupiga picha mifupa, na pengine hakuna ambaye angemgundua mjukuu wangu, kwani yeye kwa sura ni mtoto kweli. Namwogopa kijeba kwa sababu ya yule anayekosa nafasi, na kwa sababu ya somo wanalolipata wote wawili. Kijana wa miaka 18 anayecheza na wa miaka 14 hahitaji kujifunza kitu, nguvu zake zinamtosha. Yule wa miaka 14 naye anajifunza kwamba uhodari haufai kitu. Tunawaharibu wawili kwa kalamu moja. Kisha tunapokutana na walioandaliwa, tunashangaa. Mwaka 2017 Serengeti Boys walifika Gabon, wakatoka sare na Mali bila kufungana, wakaifunga Angola 2-1, wakafungwa na Niger 1-0, wakakosa nusu fainali kwa kidogo sana. Tukapata matumaini. Mwaka 2019 tukawa wenyeji Dar es Salaam: tukafungwa na Nigeria 5-4, na Uganda 3-0, na Angola 4-2. Mechi tatu, tumefunga mabao 6 na kufungwa 12. Sidai kwamba vijana wale walidanganya umri, wala sina sababu ya kudhani hivyo. Ninalosema ni kwamba timu ya taifa ya vijana hukaa pamoja kwa miezi, ilhali mchezaji hutengenezwa kwa miaka, na miaka hiyo huipitia kwenye viwanja kama huu wetu, katika mstari mrefu, akingoja mpira mmoja.

Wala sisemi kwamba hatuwezi. Oktoba 2022 wasichana wetu, Serengeti Girls, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la walio chini ya miaka 17 kule India. Aprili 2023 wasichana wa Fountain Gate, shule ya hapa hapa Dodoma, walitwaa ubingwa wa shule za Afrika kule Durban. Wale wa Fountain Gate walikuwa wanafunzi, na walikwenda Durban kama shule. Sihitaji ushahidi mwingine kwamba mpira na darasa vyaweza kukaa nyumba moja.

Sasa nitoe ile sababu niliyoahidi.

Mwaka 1987 nilikuwa mkuu wa shule ya sekondari. Tulikuwa na mshambuliaji wa kidato cha tatu ambaye hakuna kipa wa wilaya aliyemweza. Umri wake ulikuwa umepita. Mwalimu wa michezo aliniletea fomu ofisini, nafasi ya mwaka ikiwa wazi, akaniambia maneno ambayo, miaka 37 baadaye, nilidhani kocha wa Msalato ameyasoma mahali: "Nani atabisha, Mkuu?" Nikaandika kwa mkono wangu, nikampunguzia miaka mitatu, nikagonga muhuri wa shule. Tulishinda. Kikombe kilikaa juu ya kabati la ofisi yangu hadi nilipohama, na wageni walipokisifu nilitabasamu.

Ili karatasi zisipingane, tarehe ile ya uongo ilibidi iingie pia katika kumbukumbu nyingine za shule. Ikamfuata. Mwaka 2011 mtu mzima mwenye mvi za kwanza alibisha mlango wangu. Alikuwa ameajiriwa, na tarehe zake mbili za kuzaliwa, ya cheti cha ubatizo na ya kumbukumbu za shule, zilikuwa zimegongana katika faili lake la kazi. Alihitaji barua. Hakunilaumu. Aliniita Mkuu, alikataa chai, alikaa ukingoni mwa kiti. Niliandika barua, nikasema kwamba mkono ulioandika tarehe ile ulikuwa wangu wala si wake. Kama ilimsaidia au haikumsaidia, hakurudi kuniambia.

Na yupo kijana wa pili. Yule ambaye nafasi yake ilichukuliwa mwaka ule. Alikuwa na umri halali, alikuwa amefanya mazoezi muhula mzima, na nilimwondoa katika orodha kwa kalamu. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka jina lake. Silikumbuki.

Kwa hiyo jioni ile ya Julai sikukataa haraka kwa sababu mtu aliyekaa mbele yangu na fomu alikuwa mimi mwenyewe, nikiwa kijana na nikitaka kikombe.

Usiku nilimwita mjukuu wangu nikamweleza kwamba nitaandika mwaka wake wa kweli, na kwamba maana yake ni kuwa hatakwenda. Alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Babu, wenzangu wote wamepunguziwa."

"Wote?"

"Karibu wote." Halafu akaongeza neno ambalo sijalipatia jibu mpaka leo: "Miaka miwili nimekaa benchi kwa sababu ni mdogo. Leo nimepata nafasi kwa sababu ni mdogo, na wewe unanikatalia."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Uwanja ulimwonea mara ya kwanza kwa udogo wake, na sasa udogo huo huo ulikuwa umepata soko. Mwili wake ulidharauliwa, kisha ukatamaniwa, na katika nyakati zote mbili hakuna aliyeutazama mguu wake wa kushoto. Nilimweleza habari ya 1987, yote, pamoja na kikombe. Alisikiliza, akaenda kulala bila kuniaga. Asubuhi niliandika 2009, nikatia sahihi, nikampelekea kocha. Aliisoma, akaikunja. Hakubishana. Timu ikaenda bila mjukuu wangu.

Ningependa kuandika kwamba mambo yalinyooka baada ya hapo, lakini nimeahidi kusema kweli. Kwa mwezi mzima mtoto alinijibu kwa neno moja moja. Kocha naye alinikwepa, hadi nilipomfuata mwenyewe na mipira mitatu niliyoinunua mjini, nikamwomba jambo moja: kila Jumanne tukae pamoja nusu saa kabla ya mazoezi, tuandike andalio la somo kama wanachuo wangu walivyoandika. Sikumfundisha mpira, maana yeye anaujua kunizidi. Tulipanga tu vijana wapi, wangapi, wafanye nini, kwa dakika ngapi. Alikubali Jumanne, siku nyingine akabaki na mtindo wake. Jumanne wanacheza wanne kwa wanne katika viwanja vidogo vitatu, wawili wakibadilishana na wenzao, na wakubwa kwa miili wanacheza na wakubwa. Makemeo hayajaisha. Yamepungua.

Kwa mzazi mwenzangu nina ushauri wa mambo machache, nayo hayahitaji cheti. Kwanza, nenda uwanjani siku ya mazoezi wala si siku ya mechi tu, uhesabu mtoto wako anagusa mpira mara ngapi. Pili, sikiliza majina wanayoitwa watoto wanapokosea. Tatu, uliza nani hukaa benchi na kwa sababu gani, hata kama wako hakai. Nne, changia, kwani kocha asiyelipwa na asiyenunuliwa mpira hana deni nasi, na hatuwezi kumdai ualimu tulioukataa kuugharimia. Tano, fomu ikija na nafasi iliyo wazi, ijaze mwenyewe kwa kweli, ukijua kwamba mtoto anatazama kalamu yako.

Mjukuu wangu sasa amepita umri wa mashindano yale kwa hesabu yoyote ile, ya kweli au ya uongo. Siku nyingine huenda mazoezini, siku nyingine hukaa na chandimu yake. Jumanne moja alirudi magoti yakiwa meupe kwa vumbi, akapita mbele yangu kwenda kwenye mtungi. Ile "Mmeshinda?" ilikuwa tayari imefika ulimini, nikaimeza. Nikamwuliza aligusa mpira mara ngapi.

"Sikuhesabu, babu," alisema, akiwa bado anakunywa.